Sufuria Ilileta Beef Baada ya Matanga, Cutex ya Finje Ikaamua: Jinsi ya Kupaka Rangi Jina Ulilochonga kwa Vitu Zako

Kama umewahi kwenda matanga pande za Manga, unajua siku ya mazishi huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ile iko kwa programu: ibada, hotuba, kuzika. Ya pili huanza jioni watu wakishakula, wakati mawingu yanashuka kutoka kwa ile ridge na kila mtu anataka kufika home kabla mvua ianze. Hiyo ndiyo sehemu ya kutafuta sufuria.

Boma likipata msiba, majirani hawaji mikono mitupu. Wamama wanaleta sufuria kubwa, beseni, sahani na vikombe. Wasee wa kuchimba kaburi wanakuja na majembe, sururu na koleo. Viti vinatoka kwa nyumba kumi tofauti. Hakuna mtu wa kuandika nani ameleta nini. Kila kitu kinatumika siku mbili tatu, halafu kila mtu anatarajiwa kwenda na chake. Shida ni moja tu: sufuria zote zilinunuliwa soko moja, saizi moja, na kufikia hapo zote ni nyeusi ti kwa sababu ya moto wa kuni.

Sasa, kuna matanga fulani mathe alirudi na sufuria yake ile kubwa ya kupikia wageni. Hiyo alidhani. Wiki moja baadaye mama wa jirani akaingia kwa boma, akasalimia vizuri, akaitazama ile sufuria imelala nje ya jikoni, akasema, "Mama, nadhani hii ni yangu."

Mathe akasema hapana. Ameichonga jina mwenyewe na msumari, herufi mbili, B na N. Jirani naye akasema yake pia imechongwa, R na N. Wakainama wote wawili kuangalia. Masizi yamejaa kwa mikwaruzo, sufuria imegongwa-gongwa, na ile herufi ya kwanza ungeweza kuiapia iwe B ama R kulingana na wewe ni mtoto wa nani. Hawakutusiana. Ilikuwa mbaya kuliko hiyo: walinyamaziana. Miezi miwili hivi, wamama wawili ambao huchuma majani chai shamba zinapakana, hakuna "bwakire", hakuna kuombana chumvi.

Mwenye alimaliza hii maneno ni sistangu mdogo, na alitumia cutex nyekundu ya finje. Nitawaambia ilikuwa ya nani, lakini kwanza wacha nieleze hii kitu inafanya kazi aje, kwa sababu wengi wetu tumechonga majina kwa vitu na bado tunazipoteza.

Kuchonga peke yake haitoshi

Kila mtu amechonga. Ulipoenda form one, sanduku la bati lilichongwa. Kijiko kilichongwa. Kufuli ilichongwa. Spana za fundi huwa na alama, panga ya guka iko na alama, hata side mirror za magari Nairobi huchongwa namba ya gari ili mwizi akiing'oa isiwe rahisi kuuza.

Lakini mchongo ni kivuli tu. Unaona herufi kwa sababu taa inaingia kwa mtaro na kuacha upande mmoja giza. Kitu kikiwa kipya na kinang'aa, unasoma poa. Kikishika kutu, masizi ama mikwaruzo mingine, kile kivuli kinapotea kati ya vivuli vingine elfu. Jina bado liko, lakini halionekani hadi uingize kitu kwa jua na uigeuze-geuze kama unatafuta noti feki.

Cutex peke yake bila kuchonga nayo pia ni kazi bure. Ukipaka alama juu ya chuma laini, wiki mbili za steel wool zitaimaliza, ama mtu aifute na remover dakika moja.

Ukiunganisha zote mbili, hapo sasa ni rada safi. Rangi inakaa ndani ya mtaro, chini ya uso wa chuma. Mkono ukipita, unapita juu. Kitambaa kikipita, kinapita juu. Rangi haiguswi kirahisi. Na hata mtu mjanja akiitoa na remover, mchongo unabaki pale pale. Atakuwa ametoa rangi, lakini kovu linaendelea kusema jina lako.

Hii si maajabu mapya. Huko Ufaransa, mji wa Limoges, mafundi wa karne ya 12 walikuwa wanachimba mitaro kwa shaba na kujaza enameli ya rangi kutengeneza vitu vya kanisa ambavyo bado viko kwa majumba ya makumbusho. Na hapa kwetu Gusii tuko na wenyewe. Wachongaji wa Tabaka wakimaliza kulainisha Kisii stone na msasa na maji, vitu vingi wanavipaka rangi kwanza, halafu wanachora maua na wanyama kwa kukwaruza hiyo rangi hadi jiwe jeupe linaonekana. Hiyo ni hii trick yetu, tu imegeuzwa: wao rangi iko juu na mchoro ni jiwe, sisi chuma iko juu na mchoro ndio rangi.

Cutex ni nini hasa

Kwanza jina. Cutex ni brand ya Marekani iliyoanza 1911, na mwanzoni haikuwa rangi hata kidogo. Ilikuwa dawa ya kutoa ile ngozi ya kando ya ukucha. Rangi ilikuja baadaye. Hapa Kenya jina lilishika mpaka leo kila rangi ya kucha ni cutex, hata kama chupa imeandikwa jina lingine kabisa. Ni kama vile kila sabuni ya unga ni Omo.

Ndani ya chupa kuna vitu vitatu vya maana. Kuna nitroselulosi, ambayo hutengenezwa kutoka kwa pamba ama mbao na ndiyo inabaki ikiwa ile ngozi ngumu. Kuna viyeyusho, ile harufu kali inayokupiga puani, ambavyo kazi yao ni kuiweka nitroselulosi ikiwa maji-maji halafu viruke hewani. Na kuna rangi yenyewe. Miaka ya 1920 magari Marekani yalikuwa yanapakwa rangi ya nitroselulosi pia, kwa hivyo ukiona chupa ya mrembo wako kwa dressing table, jua hiyo ni binamu wa rangi ya gari. Ndio maana inashika chuma vizuri.

Kutoka hapo unapata sheria tatu ambazo zitakusaidia kwa hii article yote:

Moja, cutex inakauka kwa kupoteza kiyeyusho. Ukipaka nene, juu inakauka na kufungia ile ya chini. Paka nyembamba.

Mbili, cutex ikikauka bado inaweza kuyeyuka tena ukiipa remover. Hiyo ndiyo inatuwezesha kusafisha pale tumemwaga, na ndiyo udhaifu wake pia.

Tatu, nitroselulosi haipendi moto hata kidogo. Ikiwa kwa chupa inashika moto haraka, na ikiwa imekauka kwa chuma inaungua ukipika nayo. Tutarudi hapo.

Kitu moja ya kuangalia dukani: usinunue gel. Zile za gel zinataka taa maalum ya UV ndio zikauke. Bila hiyo taa itabaki inanata kama asali hadi Krisi. Chukua ile ya kawaida, ya bei ya chini kabisa. Kwa hii kazi, ya finje na ya ngiri zinafanya kazi sawa.

Hatua kwa hatua

Tuseme uko na panga, jembe, spana, kufuli ama sufuria. Vitu za chuma ndizo rahisi zaidi, anza na hizo.

1. Hakikisha mchongo uko na kina. Pitisha ukucha juu ya herufi. Ukucha ukikwama, uko sawa. Ukiteleza, rudia na msumari mkali ama tindo ndogo. Mkwaruzo mwembamba hauwezi kushika rangi; ukifuta kitambaa kitachomoa yote. Chonga herufi kubwa na chache. B.N. ni bora kuliko kuandika jina lote mpaka la ukoo.

2. Osha, halafu osha tena. Sabuni na maji ya moto kwanza, na mswaki mzee kuingia ndani ya mitaro. Kwa sufuria ya kuni utahitaji jivu ama steel wool. Ikikauka, futa na pamba iliyo na remover ama spiriti. Hii ndiyo hatua watu huruka, na ndiyo hufanya rangi ibanduke. Mafuta ya mkono wako tu yanatosha kuzuia rangi isishike.

3. Chagua rangi ukiangalia chuma. Sufuria ya aluminiamu, tumia nyekundu ama nyeusi. Panga ama jembe lenye rangi ya kutu, wacha nyekundu, haitaonekana. Tumia nyeupe ama njano. Plastiki nyeusi, nyeupe inapiga kabisa. Za glitter ziachie wenyewe.

4. Viringisha chupa kwa viganja badala ya kuitingisha kama dawa ya kikohozi. Kuitingisha kunaleta mapovu, na mapovu yakikauka ndani ya herufi yanaacha mashimo. Ikiwa cutex ni ya zamani na imekuwa nzito, matone mawili ya remover yatailegeza kwa hii kazi.

5. Paka ndani ya mtaro na kijiti cha kuchokoa meno. Brashi ya chupa ni pana sana kwa herufi ndogo. Chovya kijiti, gusa mtaro, na utaona rangi yenyewe inakimbia kufuata mchongo. Usijali ikimwagika kando.

6. Ngoja. Dakika 10 hivi mpaka juu isinate. Paka mkono wa pili ukiona rangi imezama chini sana. Kisha iache saa moja ama zaidi.

7. Safisha juu. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Ukichukua pamba laini imelowa remover na kufuta, pamba itaingia kwa mtaro na kunywa rangi yote. Badala yake chukua kitambaa cha pamba, kikaze kabisa kwa kipande cha mbao ama ATM card iliyoexpire, gusisha remover kidogo tu, halafu futa mara moja kwa kukatiza herufi, si kwa kuifuata. Geuza upande safi, futa tena. Ile ya juu inatoka, ya ndani inabaki. Kwa chuma ambayo hujali ing'are, unaweza hata kutumia msasa laini badala ya remover.

8. Funika na cutex isiyo na rangi, ile ya kung'arisha tu. Mkono mmoja mwembamba. Mpake haraka bila kurudia-rudia brashi, kwa sababu unaweza kuyeyusha ile ya chini ikaanza kuchanganyika.

9. Iache mpaka kesho. Inaweza kuhisi kavu baada ya nusu saa, lakini ndani bado ni laini. Ukienda kulima nayo mchana huo, usinilaumu.

Ile shida ya Manga: ukungu

Kuna kitu video za mtandaoni hazitakuambia, kwa sababu wenye wanazitengeneza hawaishi kwetu. Ukipaka cutex jioni ama asubuhi mapema pande hizi, wakati kuna baridi na ukungu umekalia boma, unaweza kuamka upate nyekundu yako imekuwa pinki ya mawingu, kama imepakwa maziwa.

Hujauziwa feki. Kiyeyusho kikiruka haraka kinapooza pale kimetoka, sawa na vile spiriti huhisi baridi ikimwagika mkononi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji yanatua pale baridi iko na kuingia ndani ya rangi kabla ikauke. Hiyo ndiyo ile weupe.

Suluhisho ni rahisi: fanya hii kazi saa sita hadi saa tisa, jua likiwa juu, na chuma kiwe na joto kidogo kutoka kwa jua. Kama imeshakuwa nyeupe, pitisha remover kidogo sana ama ile cutex isiyo na rangi ukingoja siku kavu, mara nyingi inajirudia.

Lakini usije ukaamua kuikausha kando ya jiko. Nimesema hii kitu ni binamu wa rangi ya gari, na mvuke wake unashika moto. Fanya nje ama kwa mlango uliofunguliwa, mbali na jiko, sigara na koroboi, na watoi wasikaribie chupa.

Vitu ambavyo hufai kupaka

Helmeti. Najua wasee wa boda wanapenda kuandika majina kwa helmeti, na najua helmeti hupotea stage. Lakini usiichonge, na usiiguse na cutex ama remover. Nyingi zimetengenezwa kwa plastiki ambayo viyeyusho vinaweza kuidhoofisha bila wewe kuona kitu. Itakaa sawa mpaka siku utaanguka nayo. Andika jina kwa mkanda wa kidevuni na kalamu ya marker, basi.

Kalkuleta, chaja na remote. Hizi plastiki ngumu zinazong'aa huwa zinayeyuka kwa remover. Nimeona kalkuleta ya mtu ikigeuka kuwa na ngozi ya mamba. Ukitaka kuzipaka, jaribu tone moja upande wa chini kwanza, paka nyembamba sana, na badala ya remover, kwangua ya juu na ATM card ikiwa bado haijakauka kabisa.

Beseni na mitungi ya maji. Hiyo plastiki laini haiharibiki na remover, lakini rangi pia haishiki, inabanduka kama ganda la kitunguu. Ikiwa mchongo ni wa ndani kabisa itakaa kiasi. Ama chora tu na msumari moto.

Ndani ya sufuria, mdomo wa kikombe, upande wa kijiko unaoingia mdomoni. Hapana. Rangi ya kucha haikutengenezwa iliwe. Kikombe weka jina chini, kijiko weka mwisho wa mkono.

Upande wa sufuria unaopigwa na moto. Itaungua na kunuka siku ya kwanza. Weka jina kwa kifuniko upande wa juu, ama kwa masikio ya kubebea. Na hata hapo, kama ni sufuria ya kuni, kubali kwamba itabidi uirudie kila baada ya shughuli kubwa. Mchongo si ndio uko, kurudia rangi ni kazi ya dakika chache.

Na hii isikie vizuri: namba ya chassis ya pikipiki, namba ya injini, namba yoyote ya kampuni. Hizo hazichongwi upya wala kukwaruzwa. Kuzibadilisha ni kosa kisheria na utajieleza polisi. Yako iweke mahali pake.

Mpini wa jembe nao uko na tabia yake. Mbao inakunywa rangi na kuisambaza kando, herufi zinakuwa na ndevu. Choma jina na msumari moto kwanza, paka cutex isiyo na rangi ndani ya mchongo, ikauke, ndio uweke rangi yenyewe.

Mahali hii trick inaweza kuokoa mtu

Mpaka hapa tumeongea kuhusu vitu kupotea. Lakini kuna michongo mingine ambayo hukuchonga wewe, na ndiyo muhimu zaidi.

Angalia kifuniko ama kikombe cha kupimia kinachokuja na dawa ya shamba. Kuna mistari ya mililita imechongwa ndani ya plastiki, rangi ile ile ya plastiki. Angalia kando ya tanki la sprayer ya mgongoni. Kuna namba za lita zimefinyangwa, na baada ya msimu mmoja zimejaa vumbi. Sasa fikiria ni guka ama magokoro ndiye anapima, asubuhi saa kumi na mbili, bila miwani. Anakisia. Akizidisha, anachoma mboga na kujiweka kwa hatari, pia na mwenye atanunua hiyo sukuma. Akipunguza, wadudu hawafi na doo imeenda.

Mistari hiyo ikiwa na rangi, hata macho ya miaka 75 yanaona. Kwa kikombe cha kupimia, paka nje, si ndani pale dawa inakaa, na hakikisha mstari wako uko sawa kabisa na ule wa kampuni. Ni heri usipake kuliko kupaka mstari ambao umehama.

Kwa namba zile zimeinuka juu badala ya kuzama, njia ni tofauti kidogo: weka tone la cutex kwa kipande cha sponji, kigonge-gonge kwa karatasi mpaka karibu kikauke, ndio upitishe juu ya namba kwa wepesi. Rangi inashika pale pameinuka tu.

Hivyo hivyo kwa rula ya fundi cherehani, kwa sprit level ya fundi wa mjengo, kwa jagi la kupimia la jikoni, kwa kitufe cha jiko la gesi pale pameandikwa "zima". Mzee ambaye haoni vizuri, tone moja nene likikauka linakuwa kidonda kidogo ambacho kidole kinakisikia. Hapo hata macho hahitaji.

Je, inazuia mwizi?

Wacha tusidanganyane. Mwizi mwenye ameamua hatishwi na cutex. Atauza panga yako ikiwa na jina lako na la shosho yako.

Kitu inazuia ni ile wizi ya heshima. Ile ya "aki nilidhani ni yangu." Ile ya jembe kukaa kwa mtu miezi sita mpaka inakuwa yake. Vitu vingi havipotei kwa wezi, vinapotea kwa marafiki, majirani na macousin, watu ambao huwezi kupeleka polisi. Jina likisomeka kutoka hatua tatu, hakuna mtu anaweza kujifanya hajaona, na wewe pia hulazimiki kumshuku mtu mzuri.

Na ikifika kwa polisi kweli, jina linalosomeka ni ushahidi bora kuliko "naijua tu." Piga picha ya kitu na alama yake ukimaliza, ukiwa na risiti ipige pia, na uzihifadhi mahali hazitapotea na simu.

Sasa ile sufuria

Sistangu alikuwa amefunga shule. Alichoka na ile kimya. Jumamosi moja, mathe akiwa shambani, akaichukua ile sufuria, akaisugua na jivu mpaka masikio yakaanza kuonekana rangi, akafuta na remover, akadondosha nyekundu kwa zile herufi na kijiti. Akangoja. Akakaza kitambaa kwa kipande cha mbao, akafuta mara moja.

Herufi ya kwanza ilikuwa na mguu. Mguu mrefu, ulionyooka, ukishuka kulia, ambao masizi na kovu moja la kugongwa yalikuwa yameufunga ukaonekana tumbo. R. Haikuwa na ubishi. Ungesoma kutoka kwa gate.

Mathe aliporudi, hakuna mtu alisema kitu. Tuliiacha tu pale nje imegeuzwa. Aliitazama kama dakika nzima bado amebeba kikapu. Halafu akaingia ndani, akabadilisha leso, akaiweka ile sufuria kichwani na akatoka bila kunywa chai. Sistangu alimfuata kwa mbali kama askari wa siri, kwa hivyo najua alisema nini kwa mlango wa watu.

"Omong'ina, nilikukosea. Ni yako."

Jirani aliipokea, akaisoma, akauliza hiyo rangi ni ya nini. Wakakaa chini. Mathe alirudi giza limeingia, na sahani ya chinsaga mkononi.

Yetu ilipatikana wiki tatu baadaye, kwa boma la tatu kutoka pale. Hakuna mtu aliiba. Ile habari ilikuwa imezunguka, kila mama akaanza kusugua sufuria zake aone kama ni zake kweli, na mmoja akapata ameishi na B.N. tangu siku ya mazishi.

Siku hizi kukiwa na shughuli, utaona vifuniko vimepangwa kwa nyasi na herufi nyekundu, nyeupe, za bluu. Jioni mawingu yakishuka, kila mtu anaokota chake na kwenda. Na sistangu amebaki bila cutex hata moja, zote zimekopwa. Chupa hakuchonga jina.